Staff Benda Bilili walipotoka zoo: kwa nini albamu ya pili haikunishika

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: Bouger le monde, albamu ya pili ya Staff Benda Bilili, ile ya mwaka 2012, si albamu mbaya. Ukiiweka mu feti, watu watacheza. Ukiiweka mu taksi toka Katindo mpaka Birere, hata dereva atapandisha sauti. Lakini ukishasikiliza Très Très Fort, ile ya kwanza ya 2009, halafu ukaweka hii ya pili, unabaki na njaa. Mimi njaa hiyo imenikaa kwa miaka, na sijaona mtu wa kwetu ameiandika. Waliosifu wameandika sana, hasa Ulaya. Leo tuandike sisi.

Kwa wadogo zetu ambao walikuwa bado shule ya msingi, nieleze kidogo. Staff Benda Bilili ni orkestra ya Kinshasa. Waimbaji wakubwa, Papa Ricky Likabu, Papa Coco Ngambali, Theo na wenzao, waliugua polio utotoni. Wanatembea kwa magongo na kwa zile tukutuku za magurudumu matatu walizojiundia wenyewe. Sisi wa Goma hatuhitaji kueleweshwa picha hiyo. Enda Petite Barrière asubuhi, utaona ndugu zetu wenye ulemavu na vyombo vyao vya magurudumu matatu, vimepakiwa mpaka mwenyewe haonekani, wanavuka kwenda Gisenyi na kurudi. Kinshasa ni vilevile pale Beach Ngobila, bidhaa zinavuka mto kwenda Brazzaville. Kwa hiyo mu Benda Bilili hatukuona ajabu, tuliona watu tunaowafahamu, isipokuwa hawa walishika gitaa. Nyuma yao walikuwa vijana, wengine wametoka barabarani, wale ambao Kinshasa wanaitwa shégué na kwetu tunawaita maibobo. Mmoja wao, Roger Landu, alikuja na chombo alichokibuni mwenyewe: mkebe, mti uliopindwa, na waya mmoja. Kinaitwa satonge. Roger anaukaza na kuulegeza ule mti, na waya moja inatoa sauti nyingi, inalia kama mtoto, inacheka, wakati mwingine inapiga kelele kama gitaa ya rock.

Jina lenyewe la orkestra, kwa Lingala, linakuambia uangalie nyuma ya kile kinachoonekana. Shikeni hiyo, kwa sababu mwisho wa habari hii inahusu kitu hicho hicho.

Très Très Fort ilirekodiwa sehemu kubwa nje, mu bustani ya wanyama ya Kinshasa, pale walipokuwa wanafanyia mazoezi. Mrekodi alikuwa Vincent Kenis, Mbelgiji wa lebo ya Crammed Discs, yuleyule aliyetangulia kuileta Konono No. 1 kwa dunia mwaka 2004. Alikuwa na kompyuta ya mkononi, mikro kama kumi na mbili, na waya mrefu wa umeme uliochomekwa kwenye kibanda cha vinywaji kilichokuwa karibu. Ni hayo tu. Sasa mtu anaweza kufikiri hiyo ni hadithi nzuri ya kuuzia diski, ya kumfurahisha Mzungu anayependa umaskini wenye mdundo. Hapana, weka hedifoni masikioni. Hewa inasikika. Unasikia kwamba mwimbaji huyu yuko karibu na yule yuko nyuma kidogo, kwamba gitaa iko upande na satonge iko juu ya wote. Kati ya chombo na chombo kuna nafasi. Mu studio nafasi hiyo inatengenezwa kwa mashine. Pale ilikuwepo tu, kwa sababu watu walikuwa wamekaa duara chini ya mti.

Na mu nafasi hiyo kuliingia neno. Hili njo jambo ninalotaka kulikalia.

Chukua wimbo wa Polio. Mzee anasimulia kwamba polio ilimlemaza, kisha anawaomba wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo. Kwa maneno ni kama tangazo la wizara ya afya. Sisi huku tunazijua kampeni hizo: timu inapita nyumba kwa nyumba, matone mawili mdomoni, kidole cha mtoto kinapakwa wino, alama ya chaki mlangoni. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya kampeni ya chanjo. Lakini wimbo huu unakufinya kifua. Kwa nini? Kwa sababu orkestra nzima imepunguza mwendo ili yule mzee asikike. Ngoma inatembea, haikimbii. Wenzake wanamjibu kwa sauti ya chini, kama wajomba wanaoitikia mtu anaposema jambo zito mu kikao cha familia. Hata kama Lingala yako ni ile ya kuokotaokota (na kwetu Goma, tusidanganyane, Lingala wengi tumeijulia mu muziki na kwa wanajeshi), unajua kabisa kwamba hapo kuna mtu anasema kitu na wengine wanamsikiliza.

Au chukua Tonkara. Tonkara ni karton, zile boksi wanazolalia watu wasio na nyumba. Ni wimbo wa mtu aliyelala juu ya karton na ambaye siku moja anapata godoro. Godoro tu! Si gari, si visa ya Schengen. Na furaha ya godoro hilo inapimwa vizuri: haizidi, haipungui. Mwandishi yeyote kati yetu anayeandika hadithi fupi ajifunze pale namna ya kuchagua kitu kidogo kinachobeba maisha mazima. Sala Mosala inakuambia ufanye kazi, Sala Keba inakuambia uchunge. Ni mashauri ya mtaani, wanaambiana wao kwa wao. Tena wana utani: mu Je t'aime wanamkopa James Brown bila haya, kama mtu anayevaa koti la mkubwa wake, linamzidi mikono lakini anapendeza.

Kisha 2009 ikawachukua. Diski ilitoka mwezi wa tatu, majira ya joto wakapanda jukwaa la Eurockéennes kule Belfort, Ufaransa, mwaka huohuo wakapewa tuzo ya WOMEX. Mwezi wa tano 2010 filamu Benda Bilili! ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye ikafungua Quinzaine des Réalisateurs huko Cannes. Watu waliolala barabarani wakawa wanalala mu hoteli. Nani atawakasirikia kwa hilo? Miaka mitatu ya ndege, majukwaa, mahema ya festivali. Halafu mwezi wa tisa 2012 ikaja Bouger le monde.

Mara hii waliingia studio palepale Kinshasa. Mrekodi ni Kenis yuleyule. Lebo ni ileile. Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo ya haraka, yale tunayopenda mu majadiliano yetu ya jioni, yatakuwa: «Mzungu aliwaharibu.» Hapana. Mzungu aliyekuwa zoo njo huyo alikuwa studio. Kama ni kuharibu angeanza mapema.

Kilichobadilika ni msikilizaji.

Sikiliza albamu hiyo kuanzia mwanzo. Gitaa ya umeme imepanda mbele. Ngoma zimekuwa nzito, mwendo umeongezeka, vyombo vinaingia pamoja na kubaki pamoja mpaka mwisho. Satonge ipo, tena kuna nyimbo ambamo imepewa kazi kubwa, lakini kazi yenyewe imebadilika. Zamani ilikuwa sauti ya kijana mmoja inayopita juu ya wazee, unaisubiri, ikija unatabasamu. Sasa inagombana na gitaa nani apige solo kali zaidi, na mu ugomvi huo waya moja ya mkebe inaanza kufanana na waya sita za dukani. Kitu ambacho hakuna orkestra nyingine duniani ilikuwa nacho kinageuka kuwa gitaa la pili.

Waimbaji nao wanaimba kwa pamoja mara nyingi zaidi, kwa nguvu, kama kwaya ya uwanjani. Ni sauti nzuri, sikatai. Lakini mtu mmoja anayesimulia, na wengine wanaomsikiliza, nimemtafuta sana mu albamu hiyo, na nimempata mara chache.

Nadhani naelewa jinsi ilivyotokea, na hapa nafikiri kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu, hata kama ni kwa kutetea mémoire tu. Unapoongea na watu wasioelewa lugha yako, mwili unajua kabla ya kichwa. Unapandisha sauti. Unaongeza mikono. Benda Bilili walipiga miaka mitatu mbele ya maelfu ya watu ambao hawakujua neno moja la Lingala. Polio kwao haikuwa habari ya chanjo, ilikuwa sauti nzuri ya mzee mwenye huzuni. Wimbo wa taratibu, mu hema la festivali saa nne ya usiku, watu wanaenda kununua bia. Wimbo wa mbio, watu wanaruka. Msanii yeyote mwenye akili atajifunza kutoka hapo, na hawa walikuwa na akili ya barabarani, ambayo ni kali kuliko yetu ya auditorium. Walijifunza. Wakaandika albamu inayojua vizuri sana watu wanaruka wapi.

Rumba yetu ina desturi yake: kwanza maneno, taratibu, unamwambia mwenzako shida yako, kisha inakuja sebene na wote wanasimama. Sebene ina utamu kwa sababu umengoja. Sehemu kubwa ya Bouger le monde inataka kufika kwenye sebene bila kungoja. Ni kama mtu anayefika kilioni anauliza chakula kiko wapi.

Sasa niwape haki yao wanaonipinga, maana hoja yao ni nzito na imenisumbua mimi mwenyewe.

Watasema: wewe unataka maskini abaki na sauti ya umaskini. Ulimpenda akiwa zoo, mu vumbi, na mikro kumi na mbili. Amepata studio, unanuna. Ni nani alikuambia mlemavu wa Kinshasa hana haki ya gitaa ya umeme? Franco alianza OK Jazz mwaka 1956, akamaliza na studio za Ulaya, na hakuna anayemdai arudi kwenye mikro moja. Zaïko Langa Langa mwaka 1969 waliacha tarumbeta, wazee wakalalamika, na leo tunawaita mababa. Tena hawa watu miaka yote walikuwa wanasema wazi: tuhukumuni kama wanamuziki, si kama walemavu. Albamu ya pili njo jibu lao. Hakuna zoo, hakuna kibanda cha vinywaji, hakuna hadithi ya kusikitisha. Orkestra tu, inapiga kwa nguvu. Wewe unayelilia hewa ya zoo, huna tofauti na mtalii.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba walikuwa na haki. Ni kweli pia kwamba makala mengi ya Ulaya yalihesabu magongo kabla ya kuhesabu nyimbo. Kama ningekuwa Papa Ricky, na kila mwandishi anayekuja anauliza kuhusu miguu yangu, na mimi ningetamani kupiga kitu kinachomnyamazisha.

Lakini kuwahukumu kama wanamuziki kunamaanisha kuruhusiwa pia kusema «hapa mmekosea». Hiyo heshima njo ninayowapa. Wale waliosifu kila kitu, nashuku wengine walikuwa bado wanaangalia magongo. Na kuhusu Franco, ndiyo, studio zilikuwa kubwa na fedha ilikuwepo, lakini sikiliza Mario ya 1985: orkestra kamili, mashine za kisasa, na katikati mtu mmoja anakusemea mambo ya kijana anayelishwa na mwanamke mkubwa, na hukosi neno hata moja. Pesa na studio havikumziba Franco mdomo. Kwa hiyo kosa silipeleki kwa studio.

Kisha kuna ushahidi mwingine, mkubwa zaidi, na huu waliutoa wenyewe.

Mapema 2013, miezi michache tu baada ya albamu ya pili, orkestra ilipasuka. Papa Coco na Theo wakatoka, safari za maonyesho zikakatizwa. Sitaingia mu ugomvi wao. Ninachotaka ni kilichofuata. Wale wawili, watu wazima ambao wangeweza kukaa na kuishi kwa jina la zamani, wakakusanya vijana, wakashirikiana na Liam Farrell, mtu wa Ireland anayeishi Paris na kujulikana kama Doctor L, na mwaka 2015 wakatoa From Kinshasa chini ya jina jipya: Mbongwana Star. Mbongwana kwa Lingala ni mabadiliko. Walijiita Mabadiliko, mchana kweupe.

Na albamu hiyo imebadilika kuliko Bouger le monde mara kumi. Besi imepasuka kama spika ya duka la simu Birere. Sauti zinapita mu mwangwi, zinapotea, zinarudi kutoka upande mwingine. Kuna vitu huwezi kujua ni ngoma au ni bati. Konono No. 1 wanaingia mu Malukayi na likembe zao, na video ya wimbo huo inaonyesha mtu amevaa nguo za mwanaanga anatembea usiku mu mitaa ya Kinshasa. Kama tatizo langu lingekuwa kwamba nataka zoo, hii ningeitupa dirishani. Badala yake naona ni moja ya albamu bora zilizotoka mu nchi yetu tangu mwaka 2000.

Kwa nini? Kwa sababu nafasi imerudi. Nafasi si ileile, ni ya ajabu, ya usiku, ya mashine, lakini ipo, na mu nafasi hiyo sauti ya mzee inasimama peke yake. Mu Coco Blues unamsikia mtu. Vyombo vinamzunguka, vinamtisha, havimfuniki. Theo anapoimba juu kabisa hakuna gitaa linaloshindana naye. Mambo yote ya zamani yamevunjwa, isipokuwa moja: mtu anasema kitu na wengine wanasikiliza. Njo maana nasema albamu ya 2012 haikuniangusha kwa kubadilika. Ilibadilisha ukubwa tu. Vitu vilevile, kwa sauti zaidi, kwa haraka zaidi, kwa ajili ya mtu aliye mbali zaidi.

Niwe mkweli pia kuhusu yale mazuri ya ile ya pili, nisije nikaitwa mchawi. Kuluna/Gangs ni wimbo wenye ujasiri. Kuluna, magenge ya mapanga, ni tatizo la Kinshasa ambalo viongozi walilifumbia macho wakati huo, na hawa walilitaja kwa jina. Wale tuliokua Goma tukiambiwa «kufikia saa kumi na mbili uwe nyumbani», wimbo huo tunauelewa bila mkalimani. Libala ya Mungwa, ndoa ya chumvi, ni jina ambalo mshairi wa Kiswahili angelionea wivu. Na nguvu ya pamoja ya orkestra hiyo, ukiiona jukwaani hata kwa video, wazee wanashuka kutoka kwenye viti na kucheza kwa mikono chini, inaondoa maneno mdomoni mwa mhakiki. Pengine hapo njo siri: ni nyimbo za kuonwa. Diski haina macho.

Kwa nini niandike haya leo, juu ya albamu ya zamani ya watu wa mbali, mu ukurasa wa wahitimu wa Goma?

Kwa sababu naona jambo hilohilo linakaribia kwetu, na huku hatuna hata Cannes ya kulaumu. Tangu Festival Amani ianze mwaka 2014 pale Collège Mwanga, vijana wetu wameona jukwaa kubwa ni nini. Ni jambo zuri, na mimi ni mmoja wa waliosimama pale mvua ikinyesha. Lakini sikilizeni vikundi vyetu vinapotoka kwenye chumba cha mazoezi kwenda studio. Kikundi kinapiga wimbo kuhusu mama anayebeba makaa toka Sake, kwa Kiswahili cha hapa hapa, na mizaha ya hapa hapa, na watu wa kartié wanacheka mahali pa kucheka. Mwaka mmoja baadaye wimbo huohuo unatoka mu diski. Mstari wa kuchekesha umeondolewa kwa sababu «watu wa nje hawataelewa». Kiitikio kimekuwa «amani, amani, amani» kwa sababu kuna shirika lililochangia saa za studio. Kasi imeongezeka. Sauti ya kijana imepitishwa mu mashine mpaka hujui ni wa Goma, Lagos au Dar. Sitaji jina la mtu, maana ni wadogo zetu na wanatafuta maisha. Ila kila nikisikia hivyo nakumbuka Tonkara, nakumbuka kwamba mtu alifika Belfort kwa wimbo wa godoro, ambao aliuimbia wenzake wa karton. Wale wa Belfort hawakuwa wamealikwa mu wimbo. Walisimama pembeni wakasikiliza, kama mtu anayepita njiani akasikia watu wanacheka nyuma ya ukuta na kutamani kujua wanacheka nini.

Albamu ya pili ilibomoa ukuta na kuwakaribisha wote ndani. Ukarimu wenyewe hauna ubaya. Ila mgeni alipoingia hakukuta tena kile kicheko.

Kuna rafiki yangu mmoja, fundi wa sauti, aliyenisoma haya kabla hayajatoka, akaniambia: «Wewe unaongea hivyo kwa sababu hujawahi kulipwa kwa wimbo wa taratibu.» Sina jibu kamili kwa hilo. Mwanamuziki anakula, na festivali inalipa kwa watu wanaoruka. Nilichomjibu ni kwamba From Kinshasa nayo ilizunguka dunia, nayo ililipwa, na ina nyimbo za taratibu zinazotisha. Akanyamaza kidogo, akasema hao walikuwa tayari na jina. Labda. Lakini jina walilipata wapi kama si kwa Polio?

Kwa wanaotaka kuhukumu wenyewe: msisikilize mu spika ya simu. Tafuteni hedifoni, hata zile za barabarani. Wekeni Polio, kisha Osali Mabe inayofungua albamu ya pili, kisha Coco Blues ya Mbongwana Star. Kwa kila wimbo jiulizeni swali moja tu: huyu anaimba, anamwambia nani? Mimi kwa wimbo wa kwanza namuona jirani yake. Kwa wa tatu namuona yeye mwenyewe, peke yake usiku, anajiambia. Kwa wa pili naona mikono ya watu wengi iko juu, na siwezi kuona uso hata mmoja.